Jina Lililokwenda Shule Peke Yake

Siku jirani yetu alipochaguliwa kwenda sekondari alikuwa nyuma ya nyumba ya wazazi wake anapukuchua mahindi, mtoto wake wa kwanza mgongoni. Alikuwa hajaingia darasani tangu alipoacha shule akiwa la sita. Mdogo wake alitoka shuleni mbio kumwambia kwamba jina lake limebandikwa kwenye mlango wa ofisi ya mwalimu mkuu. Akatupa gunzi, akapiga kigelegele, mtoto akaamka analia.

"Nimechaguliwa, mama! Nakwenda sekondari!"

Mama yake alichungulia kutoka jikoni, macho mekundu kwa moshi. "Vizuri sana. Na hiyo ndoo ya maji itakwenda kisimani na nani?"

Wakacheka wote wawili. Sisi, upande wa pili wa uzio wa matete, hatukucheka. Mama yangu alikuwa amepiga magoti. Baba alikuwa amesimama wima katikati ya ua, kofia mkononi, kama wakati wa wimbo wa taifa. Maana aliyeufanya mtihani ule alikuwa dada yangu. Jirani alitoa jina, dada akatoa majibu.

Jambo hili linahitaji maelezo kwa waliosoma baadaye, sekondari zilipoenea mpaka kwenye kata. Miaka ile, ambayo wengi bado wanaiita miaka ya ruksa, vitu vilikuwa vimerudi madukani: sabuni, vitenge kutoka Zambia, baiskeli, mitumba ya kila rangi. Malori ya watu binafsi yalipanda mpaka Sumbawanga kuchukua mahindi na maharage bila kusubiri kibali cha mtu. Lakini nafasi za sekondari hazikuja na malori. Shuleni kwetu, upande wa Mollo, darasa zima la saba lilifanya mtihani, akachaguliwa mmoja. Mwaka mwingine hakuchaguliwa hata huyo mmoja. Watu wazima walitenganisha maneno kwa uangalifu: fulani amefaulu, lakini hakuchaguliwa. Kufaulu ilikuwa kazi yako. Kuchaguliwa kulikuwa kama mvua.

Kurudia darasa la saba kulikatazwa. Ulifanya mtihani mara moja kwa jina lako, basi. Ila jina la mtoto aliyeacha shule katikati, aliyeolewa au aliyehamia ziwani na wazazi wake, lilibaki kwenye kitabu cha mahudhurio halina mtu. Aliyetaka kurudia aliingia ndani ya jina hilo kama mtu anavyoingia kwenye nyumba iliyohamwa. Walimu walijua. Wazazi walijua. Watoto tulijua kuliko wote, kwa sababu sisi ndio tuliolazimika kumwita rafiki yetu jina moja darasani na jingine njiani. Nchi hii ina watu wazima wengi ambao mama zao, wakionyeshwa vyeti, watauliza huyu ni nani.

Nyumbani kwetu elimu ilikuwa na vyeo. Baba alikuwa na darasa la nne, lakini hakulitaja hivyo hata siku moja. "La nne la mkoloni," alisema, kisha akanyamaza kidogo ili msikilizaji apate nafasi ya kushangaa. Kwa maoni yake la nne la mkoloni lilikuwa sawa na kidato cha nne cha sasa, na siku akiwa ameudhiwa, lilizidi. Mwandiko wake ulilala upande mmoja kama ngano kwenye upepo. Aliweza kutaja mito ya Ulaya ambayo hakuna aliyewahi kumwuliza. Mama alijifunza kusoma akiwa na watoto wawili, kwenye darasa la watu wazima, na watu walipoanza kutajiana madarasa aliangalia mikono yake. "Mimi ni wa kisomo tu," alisema. Ile "tu" ilinichoma hata nikiwa mdogo.

Si kila mtu aliona haya. Mfugaji mmoja Msukuma, aliyehamia na ng'ombe wake ng'ambo ya mto wetu, alipoulizwa amesoma mpaka la ngapi alijibu, "Mimi nilikuwa mtoro hata kabla ya kuandikishwa."

Mara ya kwanza, kwa jina lake mwenyewe, dada alifaulu na hakuchaguliwa. Msimu ule alilima matuta pamoja na wanawake wengine, akigeuza majani na kuyafunika udongo kama tunavyofanya Ufipa, lakini wenzake walipoimba yeye hakuimba. Jioni alikaa jikoni anatazama moto. Mama alimwekea chakula, akakiondoa kama alivyokiweka. Basi mwalimu mkuu, mtu wa Mbeya, mpole, mwenye sweta moja la kahawia, akaja kwetu kunywa uji. Alizunguka sana kabla ya kufika kwenye hoja. Mwishowe akasema binti wa jirani ameolewa, kitabuni bado yupo, na mwakani jina lake litaingia la saba lenyewe, ila miguu halina.

Baba aliinuka, akakaa tena. Tulidhani atakataa kwa sababu ya sheria. Kumbe kilichomsumbua kilikuwa kingine.

"Mwalimu, nikitaka jembe la jirani naliomba. Sasa jina ndiyo nilichukue kimya kimya?"

"Mzee, huwa hawaombi. Huwa linaandikwa tu."

"Hao wanaoandika tu ni wezi. Mimi nina la nne la mkoloni."

Akafanya kitu ambacho sijasikia kimefanyika popote pengine. Alikwenda kuliomba jina lile kama mtu anavyokwenda kuomba mchumba. Alimtafuta mshenga, mdogo wake mwenyewe, baba yetu mdogo, ambaye kazi hiyo aliifanya kijiji kizima. Mama alipika pombe ya ulezi. Akakamatwa jogoo. Siku ya kwenda sisi watoto tulipanga macho kwenye matundu ya uzio.

Baba mdogo alipiga magoti mlangoni kwa jirani, akapiga makofi polepole kama desturi yetu ya kusalimu wakubwa, akaanza kwa Kifipa kizito. Alisema wamepita njia wakaona kitu kizuri kimekaa bila kazi katika nyumba hii. Alisema kitu kisipotumika kinaota kutu. Baba wa jirani alimsikiliza, uso ukizidi kukunjamana, mpaka akashindwa.

"Ndugu yangu, ulevi umeanza asubuhi? Binti yangu ameolewa. Mahari yenyewe ulisaidia kuisemea wewe!"

"Binti hatumtaki," alisema baba mdogo.

"Humtaki?"

"Tunataka jina lake. Binti abaki na mume wake."

Kisha mama wa nyumba ile akaanza kucheka kule ndani, kicheko cha kujizuia kinachotokea puani, na mambo yakalainika. Jogoo akapokelewa. Lakini baba mdogo alijua kazi yake. Alisema mchumba mwenyewe hajaulizwa. Wakamwita binti. Mume wake alikuwa mchuuzi wa samaki, akishuka Kasanga, ziwani, na kukaa huko kwa majuma, kwa hiyo muda mwingi binti alikuwa hapo kwa wazazi wake, na wakati ule alikuwa mjamzito. Alipiga magoti kwa shida, akasikiliza habari yote.

"Nina neno," alisema.

"Sema, mama."

"Kwanza, asinifelishe. Pili, kila shule ikifungwa aje aniambie nimejifunza nini."

Dada yangu, aliyekuwa amejificha na sisi nyuma ya uzio, akacheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu matokeo yatoke. Tangu siku ile wale wawili hawakuitana tena kwa jina lolote. Waliitana wajina.

Sharti la pili lilitimizwa kwa ukamilifu. Dada alikwenda shule ya bweni ya wasichana, mbali, na alipoteremka kwenye basi likizo, vumbi mpaka kwenye kope, hakufika kwanza kwetu. Alifika kwa wajina. Mimi nilitumwa kubeba sanduku, kwa hiyo nilisikia.

"Nimekuwa wa ngapi?"

"Kumi na moja."

"Siyo mbaya. Kiswahili?"

"Umepata B."

"Historia?"

"C."

"Hesabu?"

Dada alianza kufungua kamba za viatu.

"Wajina, nimekuuliza hesabu."

"Hesabu umepata F."

"Mimi? F?" Akamkabidhi mama yake mtoto ili awe na mikono miwili. "Mimi sijawahi kupata F. La tano nilikuwa naongoza hesabu darasa zima, waulize! Umenifanya nini huko?"

"Zimebadilika, wajina. Sasa kuna herufi ndani."

"Herufi zinatafuta nini kwenye hesabu?"

"Mimi mwenyewe sijui."

"Basi ziulize. Usikae nazo tu."

Muhula uliofuata, mume wa wajina alipotoka Kasanga na samaki wakavu, migebuka, wajina alichagua wanene, akawafunga kwenye gazeti na kumpa kondakta wa basi awafikishe shuleni. "Kwa ajili ya kichwa changu," alimwambia, na yule kondakta, asiyejua habari yoyote, akadhani ni dawa. Migebuka wale walikuwa wanafika kila muhula. Dada alisema bweni zima lilikuwa likimuulizia huyo ndugu yake wa ziwani. F ya hesabu haikutoka. Lakini mengine yalipanda, na mwisho wa kidato cha nne jina lilipata divisheni ya tatu, likachaguliwa kwenda chuo cha ualimu. Wajina alicheza mbele ya nyumba yao mpaka kilemba kikadondoka. Mume wake alikuwepo siku hiyo. "Oneni basi," aliwaambia watu, "nimeoa mwalimu na bado nalala na harufu ya samaki."

Yote haya tuliyachukua kama utani, na kwa sehemu kubwa yalikuwa utani. Nakumbuka, hata hivyo, alasiri moja nilipomkuta wajina ameshika kitabu cha jiografia cha dada. Alikuwa anasoma kwa midomo, neno moja moja, kidole kinafuata. Aliponiona hakukificha. Alikigeuza akaangalia jalada ndani, mahali jina lake lilipoandikwa kwa mwandiko wa dada.

"Hiki nilikisoma mwaka gani?" aliuliza.

Nikamwambia kidato cha pili.

"Nilikuwa na akili," alisema, akakirudisha mezani taratibu.

Miaka ikapita. Dada akapangiwa shule ya bondeni, chini ya uwanda wetu wa juu, kwenye joto na mbu, mahali ambapo walimu waliripoti na kuondoka na basi lilelile. Yeye alibaki. Huko alikuwa mwalimu kwa jina la wajina. Kwetu alikuwa dada. Wajina alipata meza yake ya samaki sokoni Sumbawanga, akazaa watoto wengine, na binti wa kwanza, yule wa mgongoni, akaingia shule.

Utani uliisha kwenye mkutano wa wazazi. Mwalimu mgeni wa darasa la binti yule alikuwa anawauliza wazazi kiwango chao cha elimu, mmoja mmoja, kwa sauti, mbele ya wote. La saba. La saba. La nne. Sikusoma. Ilipofika zamu ya wajina, wanawake waliokuwa wakinong'ona walinyamaza. Kila mtu pale alijua habari ya jina isipokuwa mwalimu. Wajina alifungua mdomo, akaufunga, akasema, "Mwandike baba yake."

Alikuja kwetu moja kwa moja kutoka mkutanoni. Mama alikuwa anachambua maharage.

"Mama, nikisema la sita, jina langu linanikana. Nikisema mwalimu, mdomo wangu unanikana. Binti yangu alikuwa ananitazama."

"Useme tu ukweli, mwanangu."

"Upi?"

Mama akaendelea na maharage. Wajina alikaa naye akichambua mpaka ungo ukaisha, na alipoinuka alikuwa ameamua. Alisema atamaliza la saba. Wakati ule lilikuwa limefunguliwa darasa la alasiri kwa watu wazima walioachia njiani, nao wangeruhusiwa kufanya mtihani. Angekwenda kujiandikisha Jumatatu.

Jumatatu alikwenda, na siku hiyohiyo alitusimulia jikoni, akiigiza sauti zote mbili. Aliyekuwa akiandikisha ni mratibu elimu wa kata, mtu mwingine wa Mbeya, miwani puani. Aliandika jina la kwanza, la baba, la babu. Kalamu ikasimama.

"Jina hili nalifahamu. Tulikuwa semina moja na mwalimu mwenye jina hili. Yuko bondeni. Ni ndugu yako?"

"Ni mimi."

"Wewe ni mwalimu?"

"Jina ndilo mwalimu. Mimi nauza samaki."

Mratibu aliinuka, akafunga mlango, akarudi kukaa. Hakuuliza zaidi, alielewa kama mtu aliyewahi kupita njia hiyo. Alimweleza kwa upole. Jina lile, la kijiji kile, lilikuwa limeshamaliza la saba. Likitokea tena kwenye mtihani, mtu wa juu atauliza. Na akiuliza, wa kwanza kuulizwa atakuwa yule wa bondeni, na atapoteza kazi.

"Chagua jina lingine," alisema. "Watu wanafanya hivyo, mama. Hata hili langu, unadhani nilizaliwa nalo?"

"Kwa hiyo wewe unajua," wajina alimjibu. "Nikimaliza kwa jina la mtu, atakuwa amemaliza huyo mtu. Mimi nitabaki la sita."

Alipofika hapo kwenye masimulizi aliacha kuigiza. Alivuta kanga akajifunika mabega, ingawa tulikuwa karibu na moto.

Dada alikuja likizo juma lililofuata, habari zimemtangulia. Safari hii alipoteremka kwenye basi alikuja kwetu kwanza. Alifungua sanduku lake la zamani, akatoa cheti chake mwenyewe cha darasa la saba, cha mwaka ule alipofaulu bila kuchaguliwa, akavuka uzio nacho. Sote tukamfuata, hata baba.

"Chukua, wajina. Hili ni jina langu na ni la saba halali. Limelala tu humo ndani. Mimi nimetumia lako, wewe tumia langu."

Wajina alikisoma chote, polepole, akamrudishia.

"Hili la saba umelimaliza wewe."

"Ni sawa tu."

"Siyo sawa. Mimi sitaki cheti. Vyeti ninavyo vingi, vyote unavyo wewe. Nataka kumaliza."

Dada akakaa chini kwenye kizingiti. Aliongea akitazama miguu yake. "Basi nitalirudisha. Nitakwenda ofisini niwaambie. Wewe uandikishwe."

"Na watoto wa bondeni?"

"Watapata mwalimu mwingine."

"Nani? Nani anataka kwenda bondeni?" Wajina aliinua sauti. "Umenitoa la sita mpaka chuo, leo unataka kunifukuzisha kazi?"

Hakuna aliyecheka. Dada alikuwa analia, na wajina alikuwa amesimama juu yake, mikono kiunoni, amekasirika hasa, na machozi yanamtoka vilevile. Nilidhani siku ile ndipo urafiki wao utakapoishia, kwenye kizingiti kilekile alichopigia magoti baba mdogo.

Baba alikohoa.

"Mimi," alisema, "nilisoma kwenye baraza la kanisa. Tulikuwa na mwalimu mmoja, ubao mmoja na kengele. Jengo halikuwepo. Mwanafunzi akijua, alimaliza, asipojua, alichapwa. Sasa hapa mwalimu tunaye. Mwanafunzi tunaye. Ubao nitapaka mimi. Tunakosa nini?"

"Kengele," alisema mama. "Nitapiga mimi. Wa kisomo tunajua kengele."

Hivyo ndivyo shule ilivyofunguliwa uani kwetu. Baba alipaka rangi nyeusi ubao wa mlango wa zamani wa zizi. Kengele ilikuwa jembe bovu lililoning'inizwa kwenye nguzo ya jikoni. Kila likizo ya dada, wajina alitoka sokoni mchana, akanawa mikono kwa limau ili samaki wasiingie kwenye daftari, akaja kukaa kwenye mkeka. Mwanzoni alisoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Kiingereza alikigombeza. Historia aliipenda kwa sababu aliichukulia kama umbea wa watu wa kale. Likizo ikiisha dada alimwachia kazi za kufanya, naye akazifanya mezani sokoni, kati ya mteja na mteja. Wauza samaki wenzake walimtania.

"Mwalimu, mgebuka huyu ni swali la ngapi?"

"La kwako. Na umekosa."

Mratibu elimu naye, siku moja, alipita na baiskeli. Alisema yuko njiani tu, ingawa njia ya kwetu haiendi popote. Alikunywa uji, akatuaga, na alipoondoka tukakuta ameacha kwenye kigoda karatasi tatu za mtihani wa miaka ya nyuma: Lugha, Hisabati, Maarifa.

Mtihani ulifanyika kipupwe, siku ya upepo mkali, vumbi la njano likipita juu ya mashamba yaliyovunwa. Baba alikuwa ameteuliwa msimamizi, au tuseme alijiteua. Alivaa koti na tai ya Pasaka. Alifukuza kuku. Alimkataza binti wa wajina, aliyekuwa amekaa kwenye ngazi ameshika magoti, asimtazame mama yake kwa namna ya kumsaidia. Meza ya kulia ilitolewa nje, juu yake jiwe la kuzuia karatasi zisipeperuke. Mama akapiga jembe. Dada alisimama pembeni kwa sababu alikuwa mwalimu, na mwalimu wa somo haruhusiwi kukaribia.

Baba alifungua kipande cha karatasi alichoandika mwenyewe kwa ule mwandiko wa kulala, akakisogeza mbali na macho, akaita mtahiniwa. Aliita majina yote matatu, kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya mto.

"Nipo!"

Zilikuwa sauti mbili. Wajina alikuwa ameinuka nusu kutoka kwenye kigoda. Dada, pembeni, alikuwa amesimama mguu sawa, mkono juu, kama alivyofanya miaka yote. Wakatazamana. Sijui kama nimewahi kuona watu wawili wakitazamana vile. Dada aliushusha mkono wake polepole sana.

Baba hakuinua macho kwenye karatasi. "Mtahiniwa ni mmoja," alisema. "Huyo mwingine alishafanya wa kwake."

Wajina akakaa, akavuta karatasi ya kwanza, na juu yake akaandika jina lake. Alichukua muda. Tulikuwa tunasikia kalamu.

Lugha ilimtoa jasho na upepo wote ule. Maarifa aliyafanya akitabasamu peke yake. Hisabati aliimaliza mapema, akageuza karatasi kuona kama nyuma kuna mengine. Dada alisahihisha ndani, mlango umefungwa, kwa kalamu nyekundu aliyotoka nayo bondeni, na alikuwa mwalimu mkali. Nilijua hatamwongezea hata alama moja. Wajina alijitia kufagia ua ambao haukuwa na uchafu.

Dada alipotoka alimkabidhi baba karatasi, na baba akatangaza. Lugha, amefaulu, kwa shida upande wa Kiingereza. Maarifa, amefaulu vizuri. Hisabati, swali moja tu limekosewa.

Wajina alidondosha ufagio.

"Swali moja!" Akamgeukia dada, kidole juu, sauti inapasuka. "Niliwaambia! Niliwaambia mimi! Ile F haikuwa yangu!"

"Haikuwa yako, wajina," alisema dada. "Ilikuwa yangu."

"Nilikaa na F ya mtu miaka yote!"

Wakashikana wakicheka, huku kuku wakirudi uani na mama akipiga lile jembe bila mtu kumwambia, akilipiga na kulipiga, mpaka yule mfugaji Msukuma akaja mbio kutoka ng'ambo ya mto akidhani kuna moto. Alipoelezwa, alifikiri kidogo, akauliza kama shule yenyewe inapokea watoro.

Mkutano wa wazazi uliofuata nilikwenda na wajina. Mama yake alikuwa mgonjwa na kulikuwa na mtoto mdogo wa kubebwa. Mwalimu alikuwa yuleyule mgeni. Orodha yake ilikuwa na mapengo, na alitaka kuyajaza. Alifika kwa wajina. Wanawake wakanyamaza kama mara ya kwanza. Binti yake alikuwa dirishani na wenzake, pua kwenye kioo.

"Mama, kwako nimeandika baba tu. Wewe umesoma mpaka la ngapi?"

"La saba," alisema wajina.

"Ulimaliza?"

"Nimemaliza."

"Mwaka gani?"

"Mwaka huu."

Mwalimu aliinua uso akidhani anataniwa. Alitazama kwenye viti, akatafuta mtu wa kucheka naye. Hakumpata. Akainama, akaandika.